Laana Juu ya Wimbo wa Kumi

Qamara alifika Kansay akiwa na jembe moja na mtamba mweusi, akafa ameacha zizi lililojaa na jina lisilo na doa. Mwanawe Gwandu alikaa barazani enzi za mkoloni na enzi za uhuru, na haikupata kusikika kwamba shauri lililoamuliwa na Gwandu lilirudiwa na mtu mwingine. Gwandu alimzaa Damiano, akampeleka shule ya kati wakati ambapo akina baba wengi wa huko waliwaficha watoto wao machungani. Damiano alirudi na mwandiko ulionyooka kama matuta ya mahindi, akawafundisha watoto wa Karatu imla na hesabu hata kichwa chake kikawa cheupe. Katika ukoo huo hakutokea mwizi, wala mtu aliyeapa uongo. Damiano aliyajua hayo, na wale wasioyajua aliwajulisha.

Mkewe, Bibiana, alikuwa amekwisha kufariki, na sauti yake ilibaki mahali pamoja tu: katika CD ya mchezo wa watoto. Hapo nyuma mradi mmoja wa shule ulitengeneza mchezo wa kompyuta kwa ajili ya watoto wa Karatu na Ngorongoro. Mtoto huongoza ng'ombe wake kutoka vilima vya Kansay mpaka kwenye magadi ya kreta. Kila wafikapo kwenye chemchemi, ng'ombe husimama kunywa na mama mtu mzima huimba. Nyimbo zilikuwa kumi, na mwimbaji alikuwa Bibiana. Baadaye mradi ulikufa, kompyuta za shule zikaibwa, na CD zile zikatundikwa kwenye mashamba ya mtama kufukuza ndege. Moja tu ndiyo iliyosalia, ya Damiano, ambayo juu yake alikuwa amebandika karatasi yenye jina la mkewe kwa mwandiko wake mwenyewe.

Alikuwa akiitia kwenye redio yake ya CD kila Jumapili baada ya misa. Mwanzoni redio hunyamaza, kwa kuwa hapo ndipo ulipohifadhiwa mchezo wenyewe, ambao redio haiuelewi. Kisha Bibiana huanza. Wimbo alioungoja zaidi ulikuwa wa kumi, wa mwisho. Katikati yake Bibiana anakatiza kuimba, anacheka, na kusema, "Damiano, funga lango, ndama wanatoka." Siku ile ya kurekodi ndama kweli walikuwa wanatoka, na vijana wa mradi waliipenda sauti ile wakaiacha ilivyo.

Basi ukingo wa CD ukaanza kubanduka rangi yake ya fedha. Ukiiinua juani, mwanga ulipenya kwenye vitundu vidogo pembezoni, na pembezoni ndipo nyimbo za mwisho hukaa.

* * *

Wakati huo ndipo alipofika Parmuat Mepukori, kijana wa Wasso aliyesikia habari za CD hiyo kutoka kwa mwalimu mmoja wa wilayani. Alikuwa amesafiri kwa basi siku nzima, na vumbi la njia lilikuwa bado kwenye kope zake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umetoka mbali kwa ajili ya mchezo wa watoto."

"Nimezaliwa Samunge, Mwalimu. Nyumbani tuliongea Kimaa tu. Kiswahili nilikipata kwenye huo mchezo. Ng'ombe wangu wakinywa, mimi namsikiliza bibi."

Damiano akamwambia Neema, mke wa marehemu mwanawe, alete chai.

Parmuat alieleza kwamba yeye na wenzake, walioko nchi mbalimbali, huhifadhi michezo ya kale ya kompyuta ili isipotee. Nakala haipokelewi hivi hivi. Ni lazima CD isomwe kwa draivu mbili tofauti, yaani vyombo viwili vya kuisomea, na watu wawili tofauti. Kila nakala hupigwa hesabu inayozaa namba ndefu. Ukibadilika hata ukucha wa wimbo, namba yote hubadilika. Namba za watu wawili zikilingana, nakala hukubaliwa, nayo haifi tena.

"Mashahidi wawili," alisema Damiano. "Hata Torati inataka hivyo. Na zisipolingana?"

"Hapo tunatafuta kosa liko wapi."

"Mimi sikutafuta. Nilipotoa imla, daftari mbili zikitofautiana, nilijua kuna mmoja aliyeharibu, na nilijua fimbo iko wapi."

Parmuat akacheka kwa adabu. Draivu yake mwenyewe ilikuwa imeharibika, ndiyo maana alihitaji mashahidi. Mmoja alikuwa pale pale nyumbani: Vumilia, binti wa Neema, aliyekuwa na kompyuta ndogo na draivu ya pembeni. Wa pili hakupatikana Kansay. Ilibidi Damiano ashuke Karatu mjini, kwa Benson mwenye steshenari.

"Babu, usimpelekee yule," alisema Vumilia.

"Kwa nini?"

"Utaona mwenyewe."

Vumilia alikuwa amewahi kufanya kazi katika steshenari ya Benson. Siku moja alikosea kuchapa kadi za harusi, na Benson, mbele ya wateja waliojaa hadi mlangoni, alimwambia arudi Kansay akachunge mbuzi, maana vyombo vile vinataka watu. Mteja mmoja, dereva wa watalii, alicheka mpaka akajipiga paja. Vumilia hakumsahau dereva yule. Wala Benson mwenyewe hakumtoka akilini hata kwa dakika moja.

* * *

Benson alikuwa mwana wa Kansay pia, na mama yake aliishi huko bado, ng'ambo ya bonde kutoka kwa Damiano. Lakini mji ulikuwa umemwingia. Alimpokea mwalimu wake wa zamani bila kuinuka kitini.

"Mwalimu. Leo umetukumbuka. Kumbe mjukuu wako hawezi?"

"Amekwisha kuifanya yake. Inatakiwa ya pili."

"Ya pili ndiyo ya kazi, sivyo? Ya kwanza ya kumfurahisha mtoto." Watu waliokuwa wakisubiri kutoa kopi wakatabasamu. Benson aliichukua CD, akaigeuza, akasonya. "Na hii karatasi nani kaibandika? Karatasi juu ya CD ni sumu, Mwalimu. Inavuta rangi."

"Ni jina la mke wangu."

"Hata kama."

Hata hivyo aliifanya kazi kwa uangalifu. Sifa zake ziandikwe pamoja na kiburi chake: Benson hakupenda kazi mbovu itoke mkononi mwake. Aliifuta CD kwa kitambaa laini, akaisoma polepole, na pale ukingoni palipokuwa pameoza aliirudia mara nyingi mpaka draivu yake kubwa ya zamani ikakubali. Kisha akatuma zile namba kwa Parmuat kwa simu, akatia nakala kwenye flashi, akambakishia Damiano flashi na CD. Mafaili yenyewe yalikuwa mazito mno kwa mtandao wa Wasso.

Damiano akatia mkono mfukoni. Benson akapunga kiganja, na kusema kwa sauti ya kusikika dukani kote, "Acha, Mwalimu. Kanunulie sukari."

Damiano alitembea hadi kituoni na pesa yake mfukoni, imekunjika kama kitu cha kuokota. Hakuna aliyewahi kumsamehe deni mwana wa Gwandu.

* * *

Namba hazikulingana.

Parmuat alimpigia Vumilia simu. "Dada, sehemu ya mchezo inalingana. Nyimbo zote kumi hazilingani. Mara nyingi hiyo ni ofseti tu. Uliisahihisha?"

Vumilia alikuwa uani akipepeta maharage. Alijua ofseti ni nini. Alikuwa ameisoma mahali, akaipuuza. Kila aina ya draivu hutoka kiwandani na tabia yake. Ukiiambia ianze kusoma hapa, huanza kidogo kabla au kidogo baada. Sehemu ya mchezo ina alama ndani yake zinazoiongoza draivu, kwa hiyo haipotei. Nyimbo hazina alama. Basi nyimbo zote husogea kwa kiasi kile kile, kama jamvi zima likivutwa. Mtu mwangalifu hutafuta kiasi cha draivu yake, akakiandika kwenye programu, na nyimbo hurudi mahali pake. Vumilia alikuwa ameacha sifuri.

"Nimefanya kila kitu," alijibu.

"Sawa. Basi mwambie Mwalimu atulie, nitakuja mwenyewe nione. Huenda ni jambo dogo."

"Nitamwambia."

Aliingia ndani. Damiano alikuwa ameketi chini ya picha ya baba yake. "Anasemaje?"

Vumilia akaona ndani ya kichwa chake steshenari iliyojaa watu, na dereva yule akijipiga paja. "Anasema mchezo uko sawa, Babu," alisema. "Nyimbo za Bibi ndizo zilizotofautiana. Zote."

"Zako na za Benson."

"Ndiyo."

"Wewe ulizigusa?"

"Mimi nilizisoma zilivyo, Babu. Sikusogeza kitu."

Hilo lilikuwa kweli kabisa, na ndilo lililoua.

* * *

Wairaqw, ndio watu wa Kansay, wana jambo wanaloliita lo'o. Aliyedhulumiwa huwaita wazee, husema dhuluma yake mchana kweupe jua likiwa shahidi, na kumwapiza aliyemtenda. Baada ya hapo jirani hampi aliyelaaniwa moto, hamwazimi jembe, wala hashiki sururu kwenye msiba wake. Damiano alikuwa Mkristo na mtoto wa Wakristo, na miaka yote ya ualimu aliwaambia watu kwamba mambo hayo yamepita. Sasa aliyafuata mwenyewe, na Neema akasimama mbele yake mlangoni.

"Baba, paroko akisikia?"

"Paroko hakumwoa Bibiana."

"Lakini hata hatujui amefanya nini. Tumesikiliza? Tumesikia kilichokatwa?"

"Namba hazilingani. Namba hazina shangazi wala mjomba."

Wazee wakakutana uani kwake asubuhi, wakiongozwa na Mzee Amsi, rafiki yake wa machungani. Benson aliitwa, akaja na suruali ya mjini na uso wa mtu aliyeacha wateja. Katikati ya uwanja kiliwekwa kigoda, juu ya kigoda ngozi ya kondoo, na juu ya ngozi ile CD, uso wake wenye karatasi ukiangalia angani. Ilikuwa ni lazima kitu kilichodhulumiwa kionwe na jua. Kikakaa hapo tangu umande ulipokauka mpaka vivuli vya watu vikaisha miguuni, maana wazee hawakati shauri kwa haraka.

"Kijana wetu," alisema Mzee Amsi, "hapa kuna sauti ya mama yetu. Ulipewa uinakili. Je, uliongeza kitu?"

"Sikuongeza, mzee."

"Ulipunguza?"

"Sikupunguza."

"Basi uliiacha ilivyokuwa."

Benson akakohoa. Angeweza kusema ndiyo, na shauri lingekuwa neno lake dhidi ya namba. Lakini kiburi cha kazi yake kilimzuia. "Siyo kuiacha ilivyo. Ukiiacha ilivyo inakuwa na makosa. Nyimbo zote nilizisogeza kidogo. Ndivyo inavyotakiwa."

Watu wakanong'ona. "Ulizisogeza," alirudia Damiano.

"Nilizisogeza, ndiyo. Kidogo sana, huwezi kusikia. Ni draivu inavyo..."

"Umesikia, Amsi? Amesema kwa kinywa chake."

"Mwalimu, ngoja nieleze. Hata Vumilia anajua. Muulizeni Vumilia."

Macho yote yakamgeukia msichana, aliyesimama pamoja na wanawake kando ya ghala. Alikuwa akimtazama Benson, na kwa mara ya kwanza alimwona akiomba. Hicho ndicho alichokitamani kwa muda mrefu, na kilikuwa kitamu kuliko alivyotarajia.

"Mimi ni wa kuchunga mbuzi," alisema Vumilia. "Vyombo hivyo vinataka watu."

Mtu mmoja akacheka nyuma. Damiano akasimama kwa fimbo yake.

"Mkono uliosogeza sauti ya marehemu, mkono wa jirani usiushike. Asipewe moto. Asiazimwe jembe. Akifiwa, achimbe mwenyewe."

"Na iwe hivyo," wazee wakaitika. Damiano akachukua flashi ya Benson, akaitupa motoni, na harufu ya plastiki ikatanda uani.

Benson aliondoka akiteremka kilima bila kuangalia nyuma.

* * *

Laana hiyo ilishuka Karatu kabla ya Benson kufika. Watu wa Kansay, na wenzao wa mabonde ya jirani, wakaanza kutoa kopi kwingine. Wanafunzi waliokuwa wakichapisha kazi zao kwake walikatazwa na mama zao. Siku ya mnada mwuza mahindi alikataa kumpa Benson chenji mkononi, akaiweka chini. Damiano alihadithiwa hayo yote na hakumkatiza msimulizi.

"Chini kabisa?" aliuliza. "Kwenye vumbi?"

"Kwenye vumbi, Mwalimu. Akainama akaokota."

Siku hiyo Damiano alikula ugali wake wote, akaomba nyongeza.

Ndipo mama yake Benson akafa, ghafla, akiwa anasuka mkeka. Alikuwa bibi mpole aliyekuwa akimletea Bibiana mbegu za maboga, na hakumkosea mtu. Lakini laana ilikuwa imetamka msiba. Wanaume wa Kansay walikaa majumbani mwao kama watu wenye homa. Kila mmoja alimtazama mwenzake, na kila mmoja akamngoja mwenzake aanze. Hakuanza mtu. Mwishowe Benson aliteremka kwenye mashamba ya kahawa, akawalipa vibarua wa Singida na Dodoma, watu wasiomjua marehemu wala lugha ya kumlilia, wakaja na sururu zao za kazi wakachimba.

Damiano aliona kutoka upande wake wa bonde. Aliona wageni wale wakipokezana, aliona Benson akiingia kaburini mwenyewe kusawazisha udongo. Neema akaja akasimama kando yake.

"Yule mama alitukosea nini, Baba?"

"Nilitamka 'akifiwa'. Sikumtaja mtu."

"Mungu ndiye aliyechagua, basi."

"Ondoka mbele yangu, Neema."

Vumilia alikuwa nyuma yao na debe la maji kichwani. Hakucheka siku hiyo. Lakini wala hakusema.

* * *

Parmuat alichelewa kwa sababu mvua ilikata njia ya Wasso. Alipofika, msiba ulikuwa umekwisha, na alishangaa kumwona Mwalimu akimpokea kama mtu aliyeshinda kesi.

"Umekuja kuona nakala ya mjukuu wangu. Ile nyingine niliichoma."

"Uliichoma?" Parmuat akamtazama Vumilia. "Dada, hukumwambia asubiri?"

Vumilia akainamisha kichwa. Kijana akakaa kwenye benchi, akafungua kompyuta yake magotini, akatia nakala ya Vumilia. Namba za Benson zilikuwa bado kwenye simu yake. Akauliza aina ya draivu ya Vumilia, akatafuta kiasi chake kwenye orodha ambayo watu wa kazi hiyo wameipima, akasoma: mia sita sitini na saba.

"Mia sita sitini na saba nini?" aliuliza Damiano.

"Vipande, Mwalimu. Sekunde moja ya wimbo imegawanywa vipande zaidi ya elfu arobaini na nne. Nyimbo za dada zimesogea vipande hivi. Jicho likipepesa limechelewa kuliko huo msogeo."

Akazirudisha nyimbo mahali pake, akapiga hesabu upya. Wimbo wa kwanza: namba ya Benson. Wa pili: namba ya Benson. Damiano aliinama, miwani yake puani, akazilinganisha tarakimu moja moja kama alivyokuwa akisahihisha daftari, akitafuta kosa kwa bidii ya mtu anayetaka liwepo. Nyimbo tisa zililingana zote.

"Kwa hiyo aliyesogeza..." alianza.

"Benson alizirudisha pale zilipokuwa. Zilizosogea ni zetu." Parmuat alisema "zetu" kwa huruma.

"Na wa kumi?"

Wa kumi haukulingana. Parmuat akaucheza. Bibiana aliimba, kisha pakasikika mikwaruzo, kisha ukimya, kisha sauti yake tena ikiwa imekwisha kuvuka mahali pale. Hapakuwa na kicheko, wala lango, wala ndama. Draivu ndogo ya Vumilia ilikuwa imeshindwa ukingoni.

"Leteni CD tuisome upya," alisema Parmuat.

Neema akaileta ikiwa ndani ya kitambaa ambamo Damiano aliihifadhi tangu siku ya wazee, hataki kuicheza mpaka nakala ikubaliwe. Karatasi ya jina ilikuwa imekauka juani siku ile ya wazee, ikajikunja kama jani la mgomba, na kujikunja kwake kulikuwa kumeng'oa rangi ya fedha kuanzia ukingoni hata katikati. Kilichobaki kilikuwa plastiki angavu. Ungeweza kumwona mtu upande wa pili. Parmuat aliishika, akaiweka chini taratibu.

Kisha Damiano akauliza bila kugeuka, "Vumilia. Ulijua?"

"Nilijua, Babu."

"Siku ya wazee?"

"Kabla."

Fimbo ilikuwa mkononi mwake, na wote watatu waliitazama. Hakumpiga. "Vaa viatu," alisema. "Tunakwenda mjini."

* * *

Steshenari ya Benson ilikuwa tupu. Alikuwa amekaa mahali pale pale, na safari hii pia hakuinuka. Nywele zake alikuwa amezinyoa kwa msiba.

"Karibuni. Mashine zote ziko huru."

Damiano alisimama mbele ya meza yake kama mwanafunzi. Alikuwa ametunga maneno njiani, akayasema yote, kwa mpangilio: kwamba alikosea, kwamba Benson alifanya kazi yake vyema, kwamba atawaita wazee tena na kuiondoa laana hadharani kwa maji ya asali kama desturi inavyotaka, na kwamba kaburi la mama atalijengea yeye.

"Limekwisha kujengwa," alisema Benson. "Na Wanyaturu wa Singida. Kazi safi."

"Benson, mwanangu."

"Usiniite hivyo. Mwanao angechimbiwa." Akamgeukia Vumilia. "Na wewe, uko hapa kufanya nini? Kuchunga?"

Vumilia akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji. "Nisamehe, kaka Benson. Nilinyamaza kwa makusudi. Nilitaka uumie."

"Ukafanikiwa. Simama, unachafua gauni."

Parmuat akaingilia kwa upole. "Kaka, mimi ndiye niliyeomba nakala. Hukukosea hata kipande kimoja. Nitaandika hivyo, na jina lako. Tunachohitaji ni wimbo wa kumi tu, kama bado uko kwenye kompyuta yako. Kwetu umeharibika, na CD imekufa."

"Imekufa?" Kwa mara ya kwanza Benson alionyesha mshtuko, na mshtuko huo ulikuwa wa fundi. "Imekufaje?"

"Jua," alisema Damiano. "Karatasi iliivuta."

"Nilikwambia."

"Uliniambia."

Benson akageuka kutazama barabara. Magari ya watalii yalikuwa yakipita kuelekea kreta, vifuniko vya juu vimefunguliwa, na wageni wakipiga picha upande huu na ule. Kisha akavuta kibodi, akafungua faili, akainua spika. Sauti ya Bibiana ikajaa duka, nzima, bila mkwaruzo, kila pumzi mahali pake. Ilipofika katikati akacheka. "Damiano, funga lango, ndama wanatoka." Mzee akashika ukingo wa meza. Wimbo ukaendelea mpaka mwisho, mpaka ukimya mdogo ulio baada ya mwisho, na Benson aliuacha ukimya huo uishe wote.

"Umesikia kuna kilichopungua?"

"Hakuna," alisema Damiano.

"Kuna kilichosogea?"

"Hakuna."

"Basi wewe ni mwalimu. Nakala hii unaipa alama gani?"

"Zote, Benson. Alama zote."

Benson akaitika kwa kichwa, kama mtu aliyepata alichodai. Akabonyeza kitufe cha kufuta. Kompyuta ikamwuliza kama ana hakika, na akabonyeza tena. Parmuat aliruka kuushika mkono wake akachelewa. Vumilia alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyechomwa mwiba. Benson hakuishia hapo: alichomoa diski ngumu iliyohifadhi nakala kutoka ubavuni mwa kompyuta, akaichukua nyundo ya kupigia misumari ya matangazo, akaivunja juu ya sakafu, pigo baada ya pigo, bila hasira usoni, mpaka vipande vyake vikaruka chini ya kabati.

"Sasa mtu wako naye amezikwa na mgeni," alisema. "Nendeni."

* * *

Jumapili iliyofuata Damiano aliwaita wazee, akaiondoa laana ingawa Benson hakuja. Kisha akawataka vijana wote wa Kansay wasogee mbele, wale wenye simu mikononi na wale waliotoka machungani, na akamwambia Vumilia asimame mahali pale palipokaa kigoda.

"Mimi ni Damiano wa Gwandu wa Qamara," alisema. "Benson namchukia, naye ananichukia, na haki ya chuki hiyo tumegawana nusu kwa nusu. Sauti ya mke wangu nimeisikia kwa mara ya mwisho. Sitawasimulia ilivyokuwa."

Alipumzika juu ya fimbo yake.

"Mmejifunza mambo ambayo sisi hatuyajui wala hatutayajua. Mashine zina makosa yake, nanyi mnayajua makosa hayo. Huyu alijua. Alisimama hapa akijua, na mimi nikafungua kinywa. Nami nilimkatiza mtu aliyekuwa akieleza, kwa sababu pesa yangu ilikuwa imekataliwa dukani. Basi nisikilizeni, maana sitarudia na sitaomba. Siku mtakapoona mzee anainuka kumlaani mtu, na ninyi mnajua asilolijua, msimheshimu kwa kunyamaza. Msingoje mtu mwenye kisasi afurahi kwanza. Njooni hapa mbele, hata kama ni mimi, hata kama nina fimbo, mnizibe mdomo kwa mikono yenu. Mmenisikia?"

Wakaitika kwa sauti za chini, macho yakiwa ardhini.

"Sikuuliza ardhi," alisema Damiano. "Niangalieni usoni, mjibu."